Upepo Mkali Pwani: Makuti, Mabati, Nyumba ya Mawe au Chombo?

Ushauri wa tonado, yaani upepo mkali unaozunguka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, unaosambaa mitandaoni uliandikwa kwa watu wa Oklahoma na Kansas huko Marekani: shuka kwenye chumba cha chini ya ardhi, funga mlango, subiri. Ni ushauri mzuri kwa mwenye chumba hicho. Anayeishi Langoni, Shela, Mambrui au Mayungu, huku Lamu na Malindi kwenye pwani ya Kenya, ana nyumba ya mawe, au ya makuti, au ya mabati, au ana jirani mwenye ghorofa la zege, au yuko ndani ya mashua na nchi kavu iko mbali. Hizo ndizo tunazozilinganisha. Msimamo wetu tunautoa mapema: paa lililo juu ya kichwa chako na dakika ulizo nazo vina uzito kuliko jina la upepo unaokuja.

Jina lina kazi moja tu: linakuambia dakika zenyewe ni ngapi.

Pepo tano, muda tofauti

| Upepo | Chanzo | Muda | Nguvu | Lamu na Malindi |
|---|---|---|---|---|
| Kisulisuli | Ardhi iliyochomwa na jua, bila wingu la mvua | Dakika chache | Hurusha vumbi, nguo, bati lililolegea | Kawaida, mchana penye uwanda mtupu |
| Nguzo ya maji | Wingu linalokua juu ya bahari yenye joto | Dakika 5 hadi 20 | Mara nyingi chini ya km 100 kwa saa | Hatari kwa vyombo vidogo |
| Upepo wa kuporomoka | Hewa baridi inayoanguka na mvua ya radi | Dakika 5 hadi 15 | Unaweza kupita km 100, mara chache km 160 kwa saa | Huu ndio wa kujiandalia |
| Tonado | Wingu kubwa la radi linalojizungusha | Nyingi chini ya dakika 10 | Km 105 hadi zaidi ya 320 kwa saa | Nadra sana |
| Kimbunga cha bahari | Bahari pana yenye joto | Siku kadhaa | Hupewa jina kuanzia km 63 kwa saa | Kwa kawaida hupita kusini yetu |

Kisulisuli tukiache hapo. Fumba macho, anua nguo, kimepita.

Kimbunga cha bahari kinahitaji msaada wa mzunguko wa dunia ili kijisokote, na karibu na ikweta msaada huo ni mdogo mno. Lamu iko nyuzi 2 kusini ya ikweta, Malindi nyuzi 3. Ndiyo maana vimbunga hivi huishia Msumbiji, Madagaska na kusini mwa Tanzania. Vinavyopanda juu zaidi ni vichache: kimoja kiliivunja Zanzibar Aprili 1872, kingine kilipiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya ilifika karibu na Mafia Mei 2024 ikiwa imeanza kudhoofika, huku pwani ya Kenya ikipata mawimbi na upepo tu. Kikija, unaambiwa siku kadhaa kabla. Muda wa kupandisha vyombo na kuhama upo, kwa hiyo uchaguzi wake ni mwepesi kuliko wa pepo nyingine.

Tonado haizuiwi na ikweta kwa namna hiyo. Inachotaka ni upepo unaobadilisha mwelekeo na kasi kadiri unavyopanda juu, hali ambayo kwetu haipatikani mara nyingi. Marekani hupata zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu inayotoka milimani magharibi. Bangladesh nayo inazijua: tonado ya Aprili 26, 1989 iliua watu wapatao 1,300. Afrika Kusini huzipata pia, na Juni 2024 moja ilibomoa nyumba huko Tongaat, KwaZulu-Natal. Daraja za nguvu ya tonado, EF0 hadi EF5, zinazotajwa kwenye habari ni kipimo kilichoboreshwa kutoka kile cha Tetsuya Fujita cha 1971, na hupangwa baadaye kwa kukagua kilichovunjika. Mtu akikuambia "EF3 inakuja", ameisikia mahali akaikoroga.

Unaobaki ni upepo wa kuporomoka, na huo ndio wetu. Wingu la radi linapokomaa, mvua huvuta hewa chini. Sehemu ya mvua hukauka njiani na kuipoza hewa hiyo, ikawa nzito, ikaporomoka, ikagonga maji au ardhi na kutawanyika pande zote. Aliye kando ya wingu huona jua bado linawaka, kisha joto linashuka ghafla, kisha upepo unampiga kutoka upande ambao hakuutegemea. Wengi wakiona miti imelala na mabati yametupwa husema "tonado". Angalia vilivyoanguka: vikilala kuelekea upande mmoja au vikitawanyika kutoka kitovu kimoja, ulikuwa wa kuporomoka. Vikipishana ovyo kwenye ukanda mwembamba, ulikuwa ukizunguka. Kwa aliyeangukiwa na boriti tofauti hiyo haina faida.

Wakati wa kuwa macho ni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, hasa siku za tanga mbili ambapo kaskazi au kusi imelegea na mawingu yanasimama mahali pamoja yakijijenga. Onyo la Idara ya Hali ya Hewa likitaja upepo wa zaidi ya maili 25 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 46, linazungumzia eneo kubwa na muda wa siku nzima. Wingu moja lililosimama juu ya kisiwa cha Manda halitatangazwa kwa jina. Hilo utalitazama mwenyewe.

Kwa nini paa

Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, msukumo wake huwa mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa husukuma kwa uzito kama wa kilo 17 kwa kila mita mraba. Kwa kilomita 100 ni kilo 48. Kwa 200 ni zaidi ya kilo 190. Bati la geji 30 lenyewe lina uzito wa kilo 3 hivi kwa mita mraba, kwa hiyo linaloliweka juu ya nyumba ni misumari tu. Isitoshe, upepo unaopita juu ya paa huvuta kwenda juu, na mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kona na kwenye ukingo kuliko katikati. Paa likiondoka, ukuta unapoteza kilichokuwa kikiushika kichwani na huanguka baada yake, pengine kwa ndani, pale pale walipojikusanya watu.

Makuti na mabati

Watu hudhani bati ni hatua moja mbele kwa kila kitu. Kwa mvua ni kweli. Kwa upepo inategemea nani aliligongelea.

Makuti yana matundu madogo yanayopitisha hewa, kwa hiyo msukumo wa ndani haukusanyiki kama chini ya bati. Yakishindwa huchanika kipande kipande, na kuti linalokuangukia halikuui. Kinachoua kwenye nyumba hiyo ni vitu vitatu. Kwanza, boriti za paa zilizofungwa kwa kamba iliyooza au kwa msumari ulioliwa na chumvi. Pili, ukuta wa fito na udongo ulionyeshewa siku mbili tatu. Udongo umelowa, umekuwa mzito, na fito za ndani pengine zimeshaliwa na mchwa. Tatu ni moto. Upepo ukiingia jikoni kuni zikiwa zinawaka, au radi ikipiga, makuti makavu hayakupi nafasi ya kutafuta ndoo. Ukiona wingu linakuja, zima jiko kabla hujafanya lolote.

Bati lililopigiliwa vizuri linashinda makuti. Lililopigiliwa vibaya ni panga linaloruka, na hasara yake haiishii kwako bali humfikia aliye mtaa wa pili. Kagua mambo haya wakati wa kiangazi:

- Ukingoni na kwenye mgongo wa paa, msumari uwe kwenye kila tuta la bati. Katikati ya paa, tuta moja ndiyo moja hapana.
- Msumari uwe uliosokotwa mwilini na wenye kofia pana. Ule laini huchomoka taratibu kila upepo unapotikisa.
- Gusa kofia za misumari. Pwani zinaoza kabla ya bati lenyewe, na kofia ikikatika bati liko huru ingawa kwa macho linaonekana zima.
- Papi (mbao zinazopigiliwa bati) zifungwe kwenye kenchi (fremu za paa) kwa ukanda wa chuma, na kenchi zifungwe ukutani kwa waya au ukanda uliozikwa kozi tatu chini. Msumari peke yake hautoshi.
- Veranda iwe na paa lake, lisiwe mwendelezo wa paa la nyumba. Upepo ukiingia chini ya veranda unainua kila kilichoungana nayo.

La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na nyumba nyingi mpya za Malindi zimejengwa veranda ikiwa mwendelezo wa paa kwa sababu zinapendeza.

Ukilazimika kuchagua usiku kati ya nyumba ya makuti yenye boriti nzima na ukuta mkavu, na nyumba ya bati la geji 32 (jembamba kuliko la 30) lisilo na ukanda wowote, chagua makuti, jiko likiwa limezimwa. Najua wengi watakataa.

Nyumba ya mawe

Hapa mjini Lamu tumebahatika. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa kama nusu mita, na kwa kuwa boriti za mikoko hazibebi dari pana, vyumba vya zamani ni vyembamba, chini ya mita 3 kwa upana. Wajenzi walitii urefu wa boriti. Matokeo yake ni nyumba yenye kuta nyingi nene zilizokaribiana, na mwenye kukimbia upepo hahitaji zaidi ya hapo.

Nenda orofa ya chini, ndani kabisa, nyuma ya misana (vyumba virefu vya mbele), kwenye chumba cha ndani kisichotazama kiwanda (ua wa ndani ya nyumba). Kaa chini ukiegemea ukuta mnene, mgongo wako usielekee mlango. Kaa mbali na zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizopangwa vyombo vya kauri, na mbali na kiwanda, kwa sababu ndiko kutakakoangukia kila kilichotoka juu.

Kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni orofa ya juu. Nyumba nyingi, hasa Shela, zina baraza la makuti juu ya sakafu ya mwisho, na watu hupanda huko kutazama wingu. Ni mahali pabaya kuliko kibanda cha pwani, kwa kuwa unaangukiwa na kuanguka pia. Ya pili ni umri. Boriti huoza pale zinapoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Dalili ni dari lililopinda katikati, vumbi jeupe sakafuni kila asubuhi, na ufa unaofuata mstari wa boriti. Ukiziona, chumba hicho si kimbilio. Gofu lisilo na paa nalo lina kuta ndefu zisizoshikwa na kitu. Hata kuliegemea usiliegemee.

Vichochoro navyo vinadanganya. Ni vyembamba na vinahisi salama, lakini kingo za mapaa ya zamani humwagika humo, na bati likishakatika hufuata njia hiyo hiyo. Uliyekutwa njiani, piga hodi mlango wa kwanza. Daka (kibaraza cha mlangoni) halitoshi, ingia ndani.

Zege na kumbi

Ghorofa lenye sakafu za zege halina mengi ya kuelezwa: orofa ya chini, chini ya ngazi au msalani katikati ya jengo, mbali na vioo. Kama mna godoro, mjifunike nalo kichwani. Mwenye helmeti ya bodaboda aivae, na ya ziada ampe mtoto.

Kumbi pana ni jambo jingine. Ukumbi wa shule, soko, ghala na duka kubwa vina paa refu lisilo na kuta za kati. Tonado ya Joplin, Missouri, ya Mei 22, 2011, iliyoua zaidi ya watu 150, ilionyesha hilo wazi: kwenye duka kubwa paa liliondoka na kuta ndefu zikaanguka juu ya watu. Kama uko kwenye jengo la namna hiyo Malindi, tafuta choo au stoo ndogo iliyojengwa ndani yake. Msikiti wa zamani wenye nguzo nene zilizokaribiana ni bora kuliko ukumbi mpya wenye paa la chuma, hata kama ukumbi ni mkubwa na unang'aa.

Madirisha yafungwe. Ule ushauri wa kuyafungua ili "kusawazisha hewa" ni makosa. Ukifungua unaukaribisha upepo ulisukume paa kutoka ndani.

Njiani na ufukweni

Tuktuk haifai: ni nyepesi, ina magurudumu matatu na haina mlango. Shuka, ingia jengo la karibu. Ukiwa kwenye gari barabara ya Malindi na hakuna jengo, egesha mbali na miti na nyaya, funga mkanda, inamisha kichwa chini ya kiwango cha dirisha. Usisimame chini ya daraja, upepo hubanwa pale na kuzidi kasi.

Mvinje una kivuli kizuri na mizizi isiyoshika mchanga. Mnazi haung'oki upesi, lakini nazi na makuti yake hushuka, na radi inaupenda. Mwembe hukatika matawi. Kama hakuna chochote ila mchanga, lala kwenye bonde kati ya vilima, mikono juu ya shingo, mbali na mahali maji ya mvua yanapopita.

Chombo

Hapa ndipo dakika zina thamani, na ndipo watu huzipoteza kwa kubishana.

Nguzo ya maji huanza kabla hujaiona ikining'inia. Kwanza hutokea doa jeusi juu ya maji chini ya wingu lenye kitako bapa cheusi, kisha doa linajizungusha kwa mistari, kisha pete ya manyunyu, ndipo mkia wa wingu unaonekana wazi. Nahodha anayesubiri mkia ameshatumia nusu ya muda wake. Kujua kama inakuja kwako, ilinganishe na kitu kisichotembea ndani ya chombo, kama mlingoti wa mbele au kona ya omo (sehemu ya mbele ya chombo), huku ukishika uelekeo mmoja. Ikibaki pale pale na inakua, inakuja. Ikihama kushoto au kulia, itakupita. Ikija, kata kwa pembe mraba na njia yake, usikimbie mbele yake wala usijaribu kupita nyuma karibu. Kabla ya kukata, hakikisha huelekei mwamba.

Kuna wanaosema ni jini la bahari na husimama kusoma. Dua ni dua, lakini tanga lishuke kwanza.

Upepo wa kuporomoka ni mbaya zaidi kwa jahazi kuliko nguzo ya maji, kwa sababu haukupi cha kutazama ila ukingo mweusi wa wingu na weupe wa maji chini yake. Tanga letu la pembe tatu lina foromali (mti unaobeba tanga) ndefu na nzito. Upepo ukilishika kutoka upande wa nyuma yake, tanga hubanwa kwenye mlingoti, haliwezi kutuliwa, na chombo hulala. Kwa hiyo tua tanga ukiona dalili, usingoje pigo. Funga foromali chini, watu wakae katikati na chini, kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla ya mvua kufika. Kulivaa ukiwa majini ni kazi ngumu hata kwa muogeleaji hodari.

Kati ya kurudi, kutia nanga na kujificha, chagua hivi. Uliye kati ya Manda na bara, ingia kwenye mkono wa bahari wenye mikoko. Mikoko hukata upepo na mawimbi hayana nafasi ya kukua. Uliye nje ya mlango wa bahari Shela na wingu liko karibu, usikimbilie kuingia: mlangoni mawimbi husimama wima, na pigo likikukuta hapo una mchanga kila upande. Baki nje, tanga chini, elekeza omo kwenye upepo. Uliye kwenye kina kifupi Malindi, tia nanga mbali na matumbawe na utoe kamba ya kutosha, mara 5 hadi 7 ya kina: pima 3 za maji, kamba pima 15 hadi 21. Kamba fupi huinua nanga badala ya kuishikisha.

Wavuvi wa usiku wa karabai au taa za umeme hawaoni wingu. Wanachoona ni radi tu. Hesabu kati ya mwanga na ngurumo. Sekunde 3 ni kilomita 1, kwa hiyo sekunde 30 ni kilomita 10. Wingu linalotembea kilomita 40 hadi 60 kwa saa litakufikia kwa dakika 10 hadi 15, na upepo wake hutangulia mvua. Hesabu ikishuka chini ya 30, kunja nyavu. Taa inayong'aa hukuzuia kuona ukingo wa wingu. Izime nusu dakika kila mara uangalie.

Ukiwa na dakika moja, kumi, au siku nzima

Dakika moja: usihame nyumba. Hata ya bati, ingia chini ya meza nzito au kitanda cha mbao kilicho kwenye kona ya chumba kidogo kuliko vyote. Kukimbia nje wakati mabati yanaruka ni kuchagua kibaya zaidi.

Dakika kumi: zima jiko, chukua watoto na wazee, nenda nyumba ya mawe au ya zege iliyo karibu. Mkubaliane na jirani mapema, kabla ya masika. Mfungue punda aliyefungwa chini ya mti.

Siku nzima, kama onyo la kimbunga: pandisha vyombo juu ya mstari wa maji makuu, shusha foromali zote, ondoa mabati na mbao zilizorundikwa uani, hama nyumba ya udongo iliyolowa.

Ndugu aliyeko Marekani ana hali tofauti. Huko kuna matangazo mawili: la kwanza husema hali inaweza kuzaa tonado, hapo unakaa karibu na kimbilio, la pili husema imeonekana au imenaswa na rada, hapo unaingia mara moja. Nyumba za magurudumu zinazokaa kwenye viwanja vya kupanga huachwa hata kama zimefungwa chini kwa kamba za chuma. Kitu cha kwanza kuuliza unapopanga nyumba Oklahoma ni kimbilio liko wapi na nani ana ufunguo.

Upepo ukitulia, ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kupanda juu ya paa au kurudi kwenye chombo. Waya wa umeme ulioanguka uhesabu kuwa una moto hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, na usilivute bati linalougusa. Vaa viatu vya soli ngumu. Misumari ya mabati hulala kichwa chini, ncha juu.